Mrututu kwenye tangi la hamira

Kama umesoma baiolojia kwenye chuo chochote hapa nchini miaka ya karibuni, hadithi hii umeshaisikia. Wanasayansi wa Marekani walichukua jeni za pakanga, ule mmea unaotoa dawa ya malaria, wakaziingiza kwenye kijidudu, wakakilisha sukari, na dawa ikaanza kutoka. Slaidi moja, picha ya tangi la chuma linalong'aa, basi. Mwalimu anasonga mbele.

Sio uongo. Ila ni sawa na kusimulia mechi kwa kusema timu iliingia uwanjani, ikashinda. Kuingiza jeni ndiko kuingia uwanjani. Kilichokula miaka ni maswali mengine: jeni hiyo iwake lini, iwake kwa nguvu gani, na swichi ashike nani. Hapo ndipo wasimuliaji wengi wanaporuka, na ndio maana nimeona nizisome upya makala mbili, ya mwaka 2000 na ya 2013, nikiangalia swichi tu. Ya kwanza inajulikana zaidi na wataalamu wa fani hii. Ya pili ilitangazwa dunia nzima. Niseme mapema upande niliopo: ya kwanza ndiyo makala bora. Ya pili ina kitu kimoja kizuri sana ambacho watu wanakipita haraka, na ina pengo moja ambalo sisi wa Arusha tuna sababu ya kulisema kwa sauti.

Twende taratibu kwanza, kwa wale ambao hii sio fani yao.

Mtu wa huku Akheri hahitaji somo refu kuhusu kugawana maji. Maji yanashuka kutoka Meru kwa mfereji, mfereji unagawanyika, kila shamba lina zamu yake. Ukifungulia yote yaingie kwenye migomba yako, wa chini wanakosa, na kabla jua halijazama utakuwa umeitwa kikaoni. Ndani ya bakteria mambo yako hivyohivyo, isipokuwa kinachotiririka ni kaboni ya sukari. Sukari inaingia, inavunjwa hatua kwa hatua na vimeng'enya, na kila njiapanda kuna tawi: hili la kujenga utando, hili la protini, hili la nguvu. Mtandao wote huo ndio umetaboli.

Sasa sisi tunakuja na mfereji wetu mpya. Tunataka kaboni iende kwenye kemikali tunayoitaka sisi, ambayo bakteria mwenyewe haimsaidii chochote. Tukichimba mfereji mdogo, tunapata matone. Tukichimba mkubwa, bakteria anadhoofika na kukua polepole. Halafu kuna balaa la pili ambalo kwenye slaidi halipo kabisa: akitokea bakteria mmoja aliyepoteza jeni zetu kwa bahati, huyo hana mzigo, anazaana haraka kuliko wenzake, na baada ya muda tangi limejaa watoto wake. Sukari inaliwa vizuri tu, kemikali hakuna.

Bakteria wenyewe hawafanyi uzembe huo kwenye mambo yao. François Jacob na Jacques Monod, kule Paris, walieleza mwaka 1961 jinsi E. coli anavyozima jeni za kula laktosi pale ambapo laktosi haipo. Kuna protini inayokaa juu ya DNA kama jiwe kwenye mlango wa mfereji. Laktosi ikiingia, jiwe linatoka, jeni zinasomwa. Hatengenezi kimeng'enya asichokihitaji. Ajabu ni kwamba fani yetu ilichukua swichi hiyohiyo, ikaifanya chombo cha kuwashia jeni ngeni, halafu ikaitumia kinyume kabisa na hekima yake. Mtafiti anamwaga kemikali ya kuwashia, jeni inawaka kwa nguvu zote, na hakuna anayemuuliza bakteria kama ana akiba. Kemikali yenyewe, inayoitwa IPTG, ni ghali. Kwenye chupa ya maabara hata huoni hasara. Kwenye tangi la maelfu ya lita, hesabu haitoki.

Makala ya mwaka 2000 inaanzia hapo. Iliandikwa na William Farmer na James Liao wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ikatoka kwenye Nature Biotechnology. Kemikali waliyoitaka ni likopeni, ule wekundu wa nyanya. (Najua utakachosema: nyanya zimejaa soko la Tengeru Jumatano na Jumamosi, za nini kuhangaika na bakteria? Kwao likopeni ilikuwa chombo cha kupimia. Ni nyekundu, unaiona, unajua jeni zimefanya kazi.)

Walichogundua ni kwamba hakukuwa na haja ya kumwagia bakteria chochote kutoka nje. E. coli akipewa glukosi kupita uwezo wake, anafurika. Kaboni anayoshindwa kuitumia anaitoa kama asidi ya siki, na njiani kuna molekuli ndogo inayojikusanya, asetili fosfati. Kwa hiyo asetili fosfati ikiwa nyingi, maana yake shibe imezidi. Farmer na Liao walichukua mfumo wa bakteria mwenyewe, ule anaoutumia kuangalia hali ya nitrojeni, wakautengua kidogo ili usikilize asetili fosfati, kisha wakaufunga kwenye jeni mbili muhimu za njia ya likopeni. Maana yake kwa lugha ya mtaani: kama kuna ziada, fungulia mfereji wetu, kama hakuna, funga, mwache ale. Likopeni ikaongezeka sana, na bakteria hawakudhoofika kama walivyodhoofika pale jeni zilipolazimishwa kuwaka.

Ninachokipenda hapa ni kwamba swali lenyewe limegeuzwa. Wengine wote walikuwa wanauliza jinsi ya kumlazimisha bakteria atoe zaidi. Hawa waliuliza bakteria anajua nini ambacho sisi hatukijui, halafu wakampa madaraka. Mwenye mfereji hapangi zamu akiwa Dar es Salaam. Mpangaji ni yule anayeyaona maji.

Ina udhaifu wake. Dawa yao inafanya kazi pale ambapo glukosi inazidi, hali ambayo ni ya kawaida kwenye chupa ya maabara. Kwenye tangi la kiwandani, sukari hudondoshwa kidogokidogo makusudi ili bakteria wasifurike. Sasa mfumo unaosubiri mafuriko utafanya nini mahali ambapo mafuriko yamezuiwa? Makala haigusi hilo vya kutosha. Hata hivyo mbegu ilishapandwa. Mwaka 2013 kundi la Jay Keasling, Berkeley, lilirudi kwenye wazo hilo kwa njia nyingine. Walitafuta ni jeni zipi za E. coli zinazobadilika zenyewe pale sumu ya njiani inapojikusanya, wakachukua swichi za jeni hizo na kuzifunga kwenye njia ya amofadieni, kemikali inayoelekea kwenye dawa ya malaria. Mavuno yalifika mara mbili ya yale ya swichi za kawaida.

Sumu gani tena hiyo? Hapa tunaingia kwenye pakanga.

Mwaka 2003 kundi hilohilo la Keasling lilihamishia kwenye E. coli njia nzima ya mevalonati kutoka kwenye hamira, ili bakteria apate malighafi ya amofadieni. Njia ilifanya kazi, na kufanya kwake kazi kukawa ndiyo shida. Vitu vya katikati vilijaa kuliko vilivyotumika, na bakteria wakadumaa. Walipoongeza kimeng'enya cha pakanga kinachovichukua vile vitu na kuvisukuma mbele, bakteria wakapata nafuu. Ni somo la mfereji tena: kufungulia juu bila kufungua chini ni kuzamisha shamba.

Desemba 2004 taasisi ya Bill na Melinda Gates ikatoa dola milioni 42.6 kwa kazi hiyo. Baadaye watafiti wakahama kutoka kwenye bakteria kwenda kwenye hamira, kuvu yuleyule wa maandazi, kwa sababu hatua inayofuata amofadieni inahitaji kimeng'enya cha aina ambayo bakteria hawakielewi vizuri. Kwa hiyo mtu akikuambia dawa hii inatengenezwa na bakteria, msahihishe kwa upole. Bakteria ndio walioonyesha njia. Anayefanya kazi ni hamira.

Makala ya 2013, iliyoongozwa na Chris Paddon wa kampuni ya Amyris, ilitoka kwenye Nature. Namba yake kubwa kila mtu anaijua: gramu 25 za asidi ya atemisini kwa lita. Mwaka 2006 hamira ya kwanza ilitoa miligramu 100. Hiyo ni mara 250 ndani ya miaka saba, na kama kuna mtu anasema ni kazi ndogo, hajawahi kukesha na chupa za hamira zisizokua.

Lakini soma ndani, sio muhtasari tu. Njiani kuna njiapanda moja kubwa, molekuli inayoitwa farnesili pirofosfati. Tawi moja linakwenda kwenye dawa. Tawi la pili, kupitia jeni ya ERG9, linakwenda kwenye egosteroli, mafuta ambayo utando wa hamira hauwezi kukaa bila hayo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atasema futa ERG9. Ukiifuta, hamira inakufa. Ukiiacha, inakula malighafi yako. Inabidi ibanwe: hamira ikue kwanza, kisha mlango wa tawi hilo ufungwe karibu wote, ubaki mwanya mdogo tu.

Mwanzoni waliibana kwa methionini, ambayo ni asidi amino na ina bei yake. Kwenye makala ya 2013 walibadilisha swichi. Walichukua ile inayomilikiwa na jeni ya CTR3, ambayo kazi yake ya asili ni kuingiza shaba ndani ya seli. Hamira ikiona shaba ipo ya kutosha, swichi hiyo inazima. Kwa hiyo ukitaka kuibana ERG9 unaongeza kopa salfeti.

Kopa salfeti. Muulize mzee yeyote wa kahawa huku Meru au kule Kilimanjaro kama anaijua. Atakwambia ni mrututu, ule unga wa bluu wa kupulizia mibuni. Yaani mradi wa mamilioni ya dola, uliokusanya vichwa vikubwa, pale penye njiapanda yake kuu umeshikiliwa na mrututu. Wala sio mzaha. Mtu alikaa akapiga hesabu akaona swichi nzuri isiyonunulika haifai, akatafuta ya bei rahisi. Walifanya hivyohivyo kwa swichi za galaktosi: walifuta jeni ya GAL80, na hamira ikaacha kudai galaktosi ya kuwashia. Kwangu huo ndio moyo wa makala. Gramu 25 ni matokeo. Na kwenye zile slaidi za darasani, mrututu haupo.

Mazoea ya kuita seli "kiwanda" ndiyo yanayoficha hili. Kiwanda unaweza kukiwasha asubuhi na kukizima jioni, na mashine hazijali. Seli inajali. Ina mambo yake, ina madeni ya utando na nguvu, na inaweza kukuasi kwa kuzaa watoto wasio na jeni zako. Nafahamu neno hilo linasaidia kwenye maombi ya fedha, lakini kwa mwanafunzi linaharibu: linamfanya afikiri kazi imekwisha jeni ikishaingia.

Sasa lile pengo. Makala ya Paddon inaanza kwa kutaja tatizo: atemisinini ya shambani haina uthabiti, leo inakosekana, kesho bei imeruka, watengeneza dawa hawawezi kupanga. Tatizo lililotajwa ni kuyumba. Kilichopimwa kurasa zote zinazofuata ni wingi. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Kuyumba kwenyewe tulikuona. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa za mseto mwaka 2001. Tanzania tulihamia ALu, dawa ya mseto unayoijua, mwishoni mwa 2006. Mahitaji yakapanda, na karibu mwaka 2005 kilo moja ya atemisinini ikavuka dola 1,000. Pakanga ikalimwa China, Vietnam, na huku kwetu pia: Kenya, Uganda, na kanda hii ya Arusha, majani yakipelekwa kukamuliwa Athi River. Tatizo, kutoka mbegu mpaka dawa iliyokamilika unapita mwaka mzima na zaidi. Kila mkulima alipanda akiangalia bei ya leo, mavuno yakaja pamoja, na kufikia 2007 kilo ilikuwa karibu dola 200. Wengi wakaacha. Miaka ya mbele upungufu ukarudi, bei ikaruka tena.

Mwanafunzi wa udhibiti wa jeni anaufahamu ugonjwa huu. Taarifa inayorudi kwa kuchelewa haitulizi mfumo, inaufanya ubembee. Seli inayozima jeni yake baada ya kuchelewa sana itapita kiwango, itashuka chini mno, itapanda tena. Soko la pakanga lilikuwa hivyo, na ucheleweshaji wake ulikuwa msimu mzima.

Sanofi walianza uzalishaji mkubwa Garessio, Italia, mwaka 2013. Bei yao, isiyo na faida wala hasara, ilikuwa kati ya dola 350 na 400 kwa kilo. Ya shambani ilikuwa imeshuka chini ya dola 250. Mwaka 2015 kiwanda hakikutoa atemisinini hata kilo moja, na 2016 kikawa kinauzwa kwa Huvepharma ya Bulgaria. Waliokuwa wanashangilia walinyamaza. Na waliokuwa wanapinga, kama ETC Group waliosema wakulima wadogo watanyang'anywa soko, nao hawakuwa wameshika mahali penyewe: anguko kubwa la bei la 2007 lilitangulia tangi la Garessio kwa miaka sita. Mkulima wa hapa hakuangushwa na hamira. Aliangushwa na kuchelewa kwa taarifa, na na mikataba ambayo haikumlinda na kuchelewa huko.

Wengi wanaita Garessio kushindwa. Mimi naisoma tofauti. Ukiitazama kama swichi, ilifanya inavyotakiwa: bidhaa ikiwa nyingi na rahisi, inazima, bei ikipita 400, ingewaka, na kwa kuwaka ingezuia ile milipuko ya kupita 1,000. Hicho ndicho alichokigundua Monod kwenye E. coli. Tofauti ni moja tu, ila ndiyo iliyoua mradi. Jeni iliyozimwa haimgharimu bakteria karibu kitu. Kiwanda kilichozimwa kinakula hela kila siku: mishahara, ukaguzi, umeme. Hakuna aliyekubali kulipia kusubiri. Mfadhili alilipia ugunduzi, kampuni ilitegemea mauzo, na ile kazi ya kukaa kimya ukiwa tayari haikuwa na bajeti ya mtu yeyote.

Makala isingeweza kujua ya 2015, hilo natambua. Ila ilitaja kuyumba kwenye aya ya kwanza, na haikuuliza hata kwa sentensi moja hamira yao itawaka kwa bei ipi na itasubiri kwa gharama ya nani. Watu waliojua kupiga hesabu ya mrututu dhidi ya methionini wangeweza kuipiga hiyo.

Fani imeendelea. Mwaka 2017 kundi la Kristala Prather, MIT, lilionyesha bakteria wanaojihesabu wenyewe: kila mmoja anatoa ishara kidogo, ishara zikifika kiwango fulani wote wanajua wamekuwa wengi, ndipo mlango unabanwa na kaboni inageuzwa. Hakuna kemikali ya kumwaga, hakuna mtu wa kubonyeza. Kwa shikimati, malighafi ya dawa ya mafua, walitoka kwenye kiwango kisichopimika mpaka zaidi ya miligramu 100 kwa lita. Ukilinganisha na gramu 25 ni kidogo sana, na sitashangaa mtu akiidharau kwa sababu hiyo. Lakini swichi hiyo haitegemei njia moja ya kemikali. Unaweza kuihamishia kwenye nyingine, hata kwa mtu ambaye bajeti yake ya mwaka haitoshi chupa mbili za IPTG.

Kwa hiyo wewe unayeandika pendekezo la utafiti sasa hivi, Tengeru au popote, na una mpango wa kuingiza jeni fulani kwenye E. coli ili atoe rangi, asidi au dawa: ukurasa wa jeni utakuchukua wiki moja kuuandika. Anza na ukurasa wa swichi. Andika inasikiliza nini ndani ya seli, inagharimu shilingi ngapi kwa lita, na itafanya nini siku ambayo hakuna anayetaka bidhaa yako.